Wanywa Maji wa Mafinga

Evarista aliapa kutoonja pombe akiwa darasa la tatu, kijijini kwao Mufindi. Ulikuwa msimu wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, mianzi inatiririka, na watoto walikuwa wakiingia darasani midomo inanuka. Mtoto mmoja alilewa, akalala bondeni, baridi ikamuua. Mwinjilisti Sosthenes akawakusanya waliobaki, akawafundisha nyimbo, mpira na kiapo. Watu wakawacheka, wakawaita Wanywa Maji. Jina likawaganda, wenyewe wakalipenda.

Mwinjilisti alipofariki, kundi likasambaratika. Baadaye vikaja viroba, pombe ya kwenye vipakiti ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha ndani ya soksi. Evarista, wakati huo fundi cherehani mjini Mafinga, akalifufua kundi kwenye banda la nyuma ya kanisa. Viroba vilipopigwa marufuku, wenzake walimwambia sasa apumzike. Hakupumzika. Ulanzi ulikuwa bado upo, na watoto ndio waliotumwa kuununua.

Miongoni mwa watoto wa kundi lake alikuwemo Goodness wa darasa la sita, binti wa jirani yake Zabron, mpasua mbao. Mwaka jana dada yake Goodness, Happy, alichumbiwa, na wakwe wakaja kutoka Iringa mjini Jumamosi mchana. Evarista, aliyekwenda kuwasaidia, alikuwa jikoni mwao akipakua wali aliposikia sebule imenyamaza ghafla.

Akachungulia. Goodness alikuwa amepiga magoti mbele ya mshenga, Mzee Timotheo, ameshika kikombe cha ulanzi kwa mikono miwili. Desturi ya nyumba ile ni kwamba binti anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue kinywaji ni salama.

"Onja, mwanangu," Zabron alisema, akijilazimisha kutabasamu.

"Siwezi, baba. Niliapa."

Mzee Timotheo akaurudisha mkono wake. "Nimekunywa kwenye nyumba nyingi," alisema taratibu. "Sijawahi kupewa kikombe ambacho wenyeji wanakiogopa."

Mama mmoja wa upande wa wakwe akavuta mkoba wake, kama mtu anayetaka kuinuka. Happy, amejifunika khanga kwenye mkeka, akaanza kulia bila sauti. Zabron akasimama.

"Onja, au utoke kwenye nyumba yangu!"

Evarista aliuona mkono wa baba ukikunja ngumi. Goodness naye aliuona. Hata hivyo kikombe hakikwenda mdomoni.

Angeeleza habari za kiapo, wageni wangeona wanahubiriwa. Angenyamaza, mtoto angepigwa mbele ya watu na uchumba ungevunjika palepale. Evarista akaingia, akapiga magoti, akakichukua kile kikombe.

"Mimi ndiye mwalimu wake, msimlaumu. Na kinywaji hakina neno."

Akanywa mafunda mawili. Kilikuwa kitamu chenye uchachu kidogo, na utamu ule ndio uliomtisha.

Mzee Timotheo alimtazama sana. Kisha akapokea kikombe, akanywa, na mazungumzo yakaendelea. Posa ikakubaliwa.

Goodness alimkuta Evarista nyuma ya jiko, ameegemea ukuta.

"Mwalimu, ulimeza?"

"Nilimeza."

"Kwa nini? Mimi nilikuwa tayari kupigwa."

"Mimi sikuwa tayari kukuona ukipigwa."

"Basi na mimi nilikataa cha nini?" Mtoto akageuka, akaondoka.

Jumapili Evarista aliwaeleza watoto mwenyewe kabla umbea haujafika. Ulikuwa umeshafika. Wazazi kadhaa waliwatoa watoto wao, na mzee mmoja wa kanisa akasema mwalimu aliyevunja kiapo hafai kukifundisha. Evarista akaweka funguo za banda mezani, akasema anayeliweza kundi na azichukue. Wazee wakazitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Akaendelea na waliobaki, lakini kila mlango ulipolia aligeuka kuangalia. Goodness hakuja. Hata njiani alikuwa akivuka upande wa pili.

Alikuja siku moja mvua inanyesha, akakaa benchi la mwisho, hakuimba. Wenzake walipotoka, akabaki.

"Baba amesema siku ya harusi nitawakaribisha wageni kwa togwa isiyolevya badala ya ulanzi," alisema akitazama sakafu. "Sijui kuipika."

"Njoo kesho ukitoka shule."

"Bado nimekukasirikia, mwalimu."

"Najua. Njoo hivyo hivyo."