Kamba za Barakoa

Jezi za timu ya mtaani kwetu nimezishona mimi miaka arobaini, na hakuna mshono wangu uliowahi kufumuka uwanjani. Mwaka ule wa ugonjwa wakaniomba barakoa za kuchezea. Mume wangu alikuwa na wiki tatu tu kaburini, ugonjwa huohuo, kwa hiyo nikashona kitambaa tabaka tatu, na badala ya mpira wa masikioni nikaweka kamba za kufunga kisogoni. Mjukuu wangu, winga wa kulia, nilimfunga mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Bibi, hii itaninyonga."

"Afadhali ikubane kuliko ikuvuke. Nenda kacheze."

Kipindi cha pili mvua ikanyesha. Nikamwona anasimama, anapiga magoti, vidole vinakwaruza kisogo. Kitambaa kilicholowa kilikuwa kimemganda puani na mdomoni. Wenzake wakahangaika na fundo langu, halifunguki. Miguu ya kukimbia sijui niliipata wapi. Nilikata kamba kwa mkasi ninaouning'iniza shingoni, nikiwaza kwamba nimemuua mwenyewe.

Akakohoa, akavuta hewa kwa sauti.

"Bibi, umenikata na nywele."

"Zitaota," nikamjibu, nikakaa palepale kwenye tope.

Tangu siku hiyo natia mpira. Kila barakoa nailowesha, naivaa mwenyewe, kisha naivua kwa mkono mmoja. Isiyotoka mara moja haiendi uwanjani. Mjukuu wangu ananicheka. Mimi, kila kitambaa kikinigusa pua, bado naushika mkasi shingoni.