Kiitaliano cha Bibi Kitana hupitia visogoni

Saa tatu asubuhi, kichwa cha kwanza kimeshafika. Ndivyo msusi wa hapa anavyowaita wateja wake, vichwa, na hakuna anayekasirika. Kichwa cha leo ni cha mwuza mitumba wa mtaa wa pili, aliyeketi kwenye kigoda kati ya magoti ya msusi, macho sakafuni, shingo imelegea kwa usingizi.

"Testa giù," anasema msusi, na mteja anainamisha kichwa bila kuuliza. Mtaa mzima sasa unajua kuinama kwa Kiitaliano.

Mkia wa kitana unachora mstari kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, umenyooka kama umepigwa rula. Vidole vinaanza kazi. "Uno, due, tre," anahesabu mistari kwa sauti ya chini. Mwandishi wa makala haya, ambaye nywele zilishamkimbia, amepewa benchi la pembeni na kuambiwa asiguse kitu.

Watu wanamwita Bibi Kitana. Ana umri wa miaka hamsini na nane, miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni, na banda la mabati lenye kioo kilichopasuka pembeni. Amesuka hapa kwa miaka thelathini. Jumanne na Alhamisi anafunga mapema, anavaa viatu vya kufunika na kwenda kwa miguu hadi chuo cha jamii nyuma ya soko, kusoma Kiitaliano.

"Wengi wanadhani nataka kusafiri," anasema. "Niende wapi mimi na magoti haya? Nataka kuongea na mjukuu wangu. Basi."

Mjukuu huyo, msichana wa miaka minane, amezaliwa Italia. Mama yake, binti pekee wa Bibi Kitana, anatunza wazee huko kwa zamu za mchana na usiku. Mtoto amelelewa na shule pamoja na bibi yake wa upande wa baba. Kiswahili anakijua kwa salamu na wimbo mmoja wa kuhesabu vidole. Kwa hiyo kila wakipiga simu ya picha, mama mtu anakuwa mkalimani.

Miaka miwili iliyopita, simu ilipigwa wakati mama yuko bafuni. Mtoto aliipokea mwenyewe. Alikuwa analia. Alizungumza mfululizo, machozi yanamtiririka, akionyesha mdomo wake kwa kidole, na bibi hakuambulia hata neno moja.

"Nilibaki kusema pole, pole, pole," anakumbuka, na mikono yake inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Mjukuu wangu analia mbele yangu, na mimi namtazama kama televisheni."

Mama alipotoka bafuni, alieleza kwa kifupi kwamba ni jino tu, limeng'oka na kupotea. Kwake yalikwisha. Kwa Bibi Kitana hayakwisha. Aliumia, na anasema hivyo waziwazi. Wiki iliyofuata alikuwa mlangoni pa chuo akiuliza bei.

"Ada ya muhula ni vichwa kumi na viwili," anasema. Kila kitu maishani mwake kina bei ya vichwa.

Darasa lenyewe mchana ni la ushonaji. Jioni cherehani zinasukumwa ukutani na kufunikwa vitambaa, na wanafunzi wa lugha wanakaa kwenye mabenchi yenye vipande vya uzi. Wengi ni vijana: wahudumu wa hoteli, mpishi, wawili watatu wanaotafuta vyuo vya nje. Siku ya kwanza mmoja wao alimwona mama mtu mzima mwenye mfuko wa plastiki akamwuliza, kwa heshima zote, "Mama, unauza nini?"

"Leo nimekuja kununua," akajibu, akaketi mstari wa mbele.

Alijifunzia bandani, maana nyumbani hakuna nafasi ya kusoma. Wateja walishikishwa kitabu na kuagizwa wamwulize maswali. Mambo hayakwenda vizuri siku zote. Kuna bi harusi mtarajiwa aliyerudi kesho yake akilalamika kwamba upande mmoja wa kichwa una mistari kumi na mwingine tisa. Bibi Kitana alikuwa amehesabu kwa Kiitaliano akaruka sita. Alimfumua akamsuka upya bure, na tangu hapo hajairuka tena.

Mume wake, seremala, ana malalamiko yake. "Siku hizi naambiwa ninyamaze kwa lugha mbili," anasema, lakini anasema huku anacheka, na kila aingiapo fundi mwenzake karakanani lazima ataambiwa kwamba mke wake ni mwanachuo.

Tatizo lilikuja kwenye mtihani wa kuzungumza. Meza moja, viti viwili, mwalimu upande huu, mwanafunzi upande ule. Bibi Kitana alikaa, akakunja mikono mapajani, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alifeli.

"Nimezungumza na visogo maisha yangu yote," anaeleza. "Ninayemsuka ananipa mgongo. Hapo ndipo watu wanaponiambia mambo yao, na mimi yangu. Sasa mtu akinikazia macho, halafu mikono yangu haina kazi, maneno yananitoroka."

Na hilo ndilo lililokuwa linamkwamisha kwenye simu pia. Alikuwa na maneno sasa, lakini uso wa mtoto ukitokea kwenye kioo cha simu anabaki kutabasamu, mpaka mama mtu anaingilia kutafsiri. Alikaribia kuacha masomo.

Aliyemwokoa ni mwalimu wake, mwanamke mpole aliyekaa Italia miaka mingi kabla ya kurudi. Jumamosi moja alikuja bandani kusukwa, akaketi kwenye kigoda, akainama. Mistari ilipofika katikati ya kichwa, alianza kusikia Kiitaliano nyuma ya kisogo chake. Msusi alikuwa anasimulia habari za binti yake, za mume na misumari yake, za mvua iliyoezua paa la jirani.

"Makosa yalikuwepo, lakini ilikuwa hadithi nzima, ina mwanzo na mwisho," anasema mwalimu. "Sikuthubutu kugeuka. Niliogopa nikigeuka mama atanyamaza."

Mtihani wa marudio ulipofika, mwalimu aliingia chumbani, akavua kilemba, akageuza kiti chake na kumpa mtahiniwa mgongo. "Nifumue, mama," akamwambia, "huku tunaongea." Msimamizi aliyekaa pembeni kurekodi alishangaa, akauliza kama jambo hilo linaruhusiwa.

"Nilimwambia kanuni zinamtaka azungumze," mwalimu anasema. "Hazisemi wapi akae, wala mikono yake aiweke wapi."

Bibi Kitana alifumua na kuzungumza. Mtihani ulipokwisha nywele za mwalimu zilikuwa zimesimama pande zote, na mtahiniwa alikuwa bado ana la kusema. Alifaulu. Cheti kimetundikwa bandani juu ya kile kioo kilichopasuka, na kichwa chochote kinachoinuka lazima kikione kabla ya kujiona chenyewe.

Mwuza mitumba naye anainuka sasa, anajipapasa kichwa, anatazama cheti kama ilivyo desturi ya hapa. "Mimi nimechangia hicho," anamwambia mwandishi. "Tumeuliza maswali mpaka tukachoka."

Mwezi ujao, binti analeta mtoto kwa mapumziko. Seremala ameshatengeneza kigoda kipya, kirefu kidogo kuliko cha wateja, ili kichwa cha mtoto kifike magotini pa bibi yake. Kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia.

"Mama yake nimeshamwambia," anasema Bibi Kitana. "Siku hiyo utaenda sokoni, na usirudi haraka. Mkalimani simtaki."

Anakung'uta nywele kwenye kitana, anakipangusa kwa kanga. Mwandishi anamwuliza atamwambia nini mjukuu wake, baada ya masomo yote haya.

"Kwanza nitamwambia testa giù," anasema. "Akishainama, nikishashika nywele zake, nitamwuliza kuhusu lile jino. Najua jipya limeshaota. Lakini nataka anisimulie tena yote, lilipong'oka, alipolitafuta, kwa nini alilia vile. Akifika mahali pa kusema pole, nitasema. Safari hii nitakuwa najua nampa pole ya nini."