Mwanya wa Gahongayire

Kanyange, mshona nguo wa Muhima, alikuwa na mwanya wa meno ya mbele uliosifiwa mtaa mzima, kama ule wa mama yake na wa bibi yake. Mwaka 1991 bintiye, Gahongayire, akaota jino la ziada katikati ya yale mawili ya mbele, dogo na lenye ncha. Watoto wakamwita Panya, naye akaacha kucheka.

"Liache, Mama Gahongayire," jirani yao Eustache alimsihi. "Likishang'olewa litabaki shimo tu."

"Shimo gani, bwana? Hapo ndipo penye urithi wetu!"

Akampeleka kwa daktari wa meno. Mtoto alikishika kitenge cha mama yake kwa mikono miwili, akalia kidogo, jino likatoka. Damu ilipokoma, Kanyange akamwomba acheke. Msichana alisita, kisha akacheka, na mwanya ukaonekana.

Siku hiyo hawakurudi kwa njia ya mkato. Walipita mbele ya kila duka, na kila penye watu Kanyange alimgusa bintiye begani.

"Wasalimie wazee, mwanangu. Wasalimie vizuri."