Kigali: Tulibishana uwanja upi wa michezo tuwapeleke watoto, tukasahau kuangalia geti

Wakuu, kwema?

Hii siyo chai. Mke wangu amekaa pembeni yangu anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sipati nafasi.

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "wapi pa kula bata na familia". Huu una mambo yake.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nipo Kigali miaka kadhaa sasa, kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, ofisi iko Muhima. Wife ni Mnyarwanda wa hapa hapa. Tuna watoto wawili: Keza, binti wa miaka saba, na Ganza, kidume cha miaka minne. Nyumbani ni Remera.

Sasa likizo ilipofika, ukweni wakaamua tutoke familia nzima. Mama mkwe, mashemeji, wake zao, watoto, na ndugu wengine wa kutoka Huye ambao mimi kusema ukweli siwajui wote hadi leo.

Swali likawa: twende wapi?

Kwenye group la WhatsApp zikabaki sehemu mbili. Ya kwanza iko mjini, ndogo, imezungushiwa ukuta. Kuna treni ya watoto inayozunguka, bembea, majumba ya upepo ya kurukia, na kibanda cha soda. Basi.

Ya pili iko nje ya mji, kandokando ya ziwa. Aisee, picha zake zilikuwa za moto! Mitelezo mirefu ya maji, boti, farasi, nyama choma, majani ya kijani mpaka unaona uvivu kurudi mjini.

Wife alitaka ile ya mjini. Alisema watoto bado wadogo, pale unakaa kwenye kiti unawaona wote. Mimi nikapinga. Nikaandika kwenye group kwamba treni inayozunguka mti mmoja siwezi kuiita matembezi. Mashemeji wakacheka, wakanipigia makofi, kura ikapita.

Wanaume, mnajua ile raha ya kushinda hoja mbele ya ukweni. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Jumapili baada ya misa tukapanda kosta tuliyokodi, tukaenda ziwani. Tiketi za basi zima zilikatwa kwa pamoja, geti likafunguliwa, tukamwagika ndani kama tumefika kwetu. Hakuna aliyetuhesabu, na mimi nilifurahi kweli kwamba hakuna usumbufu.

Pale watu walikuwa wamejaa. Tukatandika mikeka kwenye majani, na ubavuni kwetu kulikuwa na familia nyingine kubwa, nao wametandika. Baada ya muda mfupi usingeweza kusema mkeka upi ni wa nani. Watoto walishachanganyika, mipira inarushwa huku na huku, soda zinapita.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Akaja dada mmoja, gauni la njano, mpole, ana haya. Akaanza kusalimia. Wanyarwanda wakisalimiana hawana haraka, anakukumbatia, anakushika mkono, anakuuliza habari za nyumbani. Akamsalimia mama mkwe kwa Kinyarwanda, kwa heshima zote, ameinama. Akaja kwangu, akanisalimia. Akamsalimia wife kwa Kiswahili safi kabisa, Kiswahili cha kwetu Kagera.

Mimi moyoni nikasema, huyu ni ndugu yao wa Huye, Kiswahili atakuwa amejifunzia kwetu.

Nikamwita Ganza. Nikamwambia, "Msalimie tantine." Huku kila mama kwa mtoto ni tantine, kila baba ni tonton, kama sisi tunavyosema anti na anko. Ganza akasalimia, akashikwa mkono, wakawa marafiki.

Mbona sikumuuliza yeye ni nani? Wakuu, wewe umeoa. Upo na mama mkwe, upo na mashemeji. Utamwambiaje ndugu wa mkeo, aliyekukumbatia vile, "samahani, wewe ni nani?" Utaonekana unajisikia. Unatabasamu tu, unauliza habari za safari, jina utaliuliza nyumbani.

Basi mambo yakaendelea. Tukafika kwenye mitelezo. Kumbe kuna ubao wa kupimia watoto, na chini ya alama hupandi! Keza akapita. Ganza akagonga chini ya mstari kwa mbali. Alilia yule mtoto, alilia hadi akajilaza chini. Mimi niliyepiga kampeni ya mitelezo wiki nzima nikabaki kumshika kiuno huku wife ananiangalia tu.

Yule dada wa njano akaja akamchukua. Akambembeleza, akamfuta makamasi, akaondoka naye kuelekea kwenye mikeka. Nilimshukuru! Kwa mdomo wangu nilisema, "Asante sana tantine, umeniokoa."

Nikaenda na Keza kwenye maji.

Chakula kilipoiva tukarudi. Wife anagawa sahani. Akaniuliza, "Baba Keza, Ganza yuko wapi?"

Nikasema, "Si yuko na yule tantine yenu."

"Tantine yetu yupi?"

"Yule wa njano."

Wife akashusha kijiko. "Yule si dada yako? Si ulimwalika wewe? Anaongea kama nyinyi!"

Wakuu.

Nikamgeukia mama mkwe, nikamuuliza, Mama, yule aliyevaa njano ni wa nani? Akasema alidhani ni wa kwangu. Nikamuuliza shemeji mkubwa, naye alidhani ni wa mke wa mdogo wake. Mke wa mdogo wake akaanza kulia hapo hapo.

Yaani watu wazima wote wale, wengine wana digrii, tumekaa na mtu saa kadhaa, tumekula naye mishikaki, tumempa mtoto, na hakuna hata mmoja anayemjua!

Kuangalia pembeni, ile familia ya jirani haipo. Mikeka imekunjwa, wamebaki wadudu na maganda ya ndizi.

Akili ilikimbilia majini kwanza. Nilikimbia ukingoni mwa ziwa na viatu, nikaingia hadi magotini, naita jina la mwanangu. Wife alikuwa anapiga kelele, "Umwana wanjye! Mtoto wangu yuko wapi!" Sijawahi kusikia sauti ile kwake, hata siku za kujifungua.

Nikakimbia getini. Mlinzi akaniuliza taratibu, "Mtoto iko na nguo gani?"

Nikamwambia, fulana nyekundu, kaptula ya bluu.

"Oya, huyo amesha kutoka na mama yake. Mama iko na robe ya njano. Wamepanda bisi."

Nikamwambia mama yake ndiye yule pale analia! Wife aliposikia neno "wamepanda bisi" akakaa chini kwenye vumbi la geti na gauni lake la misa. Mimi nilimkunja mlinzi shati. Namwomba radhi popote alipo, yeye aliona mtoto anatoka anacheka, kashikwa mkono na mwanamke. Angeuliza nini na hakuna aliyemwambia aulize?

Askari wakapigiwa simu. Tukabaki tunazunguka pale pale, kila mtu anaongea, kila mtu ana nadharia yake. Shemeji anasema tufunge barabara. Mwingine anasema watamvusha mpaka, jamani mpaka!

Keza alikuwa amesimama ananivuta shati. Nilimwondoa mkono mara kadhaa. Mama mkwe ndiye aliyeinama akamuuliza, "Keza, unataka kusema nini?"

Mtoto akasema, "Wale watoto wengine walisema wanaenda kwenye treni."

"Treni ipi?"

"Ya mjini. Walisema huku ni kubaya, wadogo hawaruhusiwi kuteleza."

Nikamuuliza kwa hasira, mbona hukusema tangu mwanzo? Akaniangalia macho yamejaa machozi. "Mlikuwa mnaongea watu wakubwa."

Hilo jibu linaniuma hadi leo. Ndiyo malezi yetu hayo, na tunajisifu nayo.

Nikarukia pikipiki iliyokuwa imeegeshwa nje ya geti. Dereva nilimwambia jambo moja tu, mtoto wangu amepotea, na kijana wa watu akaendesha kama mtoto ni wake. Njia nzima nilikuwa naomba. Naomba kwa Kihaya, lugha ambayo nilidhani nimeshaisahau kwa maombi.

Kufika ule uwanja wa mjini, ule niliouponda, nikakuta watu wamejaa getini.

Na ndani ya kibanda cha geti, juu ya kiti cha mlinzi, amekaa Ganza. Ana andazi mkono mmoja. Amekunja miguu. Anatazama treni.

Nilimbeba nikamkandamiza hadi akalalamika. Nililia mbele ya watu, wakuu, na sikuona aibu hata kidogo.

Kumbe pale wana utaratibu wao. Mtoto haingii hadi avalishwe utepe mkononi wenye namba, na mzazi wake avae wenye namba ile ile. Kutoka, namba zisipofanana, hamtoki. Sasa walipofika, dada wa getini akauliza, "Huyu mdogo ni wa nani, nimfunge na nani?"

Swali hilo hilo, ambalo ziwani hakuna aliyeuliza.

Ile familia wakaangaliana. Wakamwambia yule wa njano, "Si ni wa kwenu? Si ulikuja naye?" Naye akasema, "Mimi? Nilidhani ni wa kwenu!"

Anaitwa Claudine. Alikuwa ameolewa miezi michache tu, amekulia kwetu Karagwe, na siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka na ukoo wa mumewe. Alichelewa kufika, peke yake bila mume, akakuta mikeka imeungana, akasalimia kila mtu kwa sababu alidhani sote ni wakwe zake. Alipoambiwa awakusanye wadogo wakapande basi, akamkusanya na Ganza, akidhani na mimi nafuata nyuma. Wakwe zake nao wakaona bibi harusi amekuja na mtoto wa kwao, wakanyamaza kwa heshima. Nani atamuuliza mkamwana mgeni, mtoto huyu umemtoa wapi?

Nilikuwa nimekuja na ngumi. Nikamkuta amekaa chini sakafuni, gauni la njano limeloa machozi, mama mkwe wake anamfokea mbele ya umati. Aliponiona akaniambia, "Baba, nisamehe, niliona haya kuuliza."

Ngumi ikaisha nguvu. Ningemwambia nini, na mimi niliona haya hiyo hiyo?

Nikamwomba mama mkwe wake amsamehe. Nikamwambia, Mama, kama kuna mjinga hapa, tupo wengi. Wife alipofika hakumwangalia mtu, alimchukua mtoto akaenda kukaa naye kwenye kona hadi askari walipomaliza maswali yao.

Sasa wengi mtaniuliza, kati ya hizo sehemu mbili twende ipi? Ziwani ni pazuri, sitawadanganya. Ila kama una mtoto mdogo, kabla ya kuuliza mitelezo ni mirefu kiasi gani, uliza mtoto anatokaje pale. Nani anamwangalia getini. Mitelezo mimi niliiona kwenye picha, geti sikulipiga hata jicho.

Na kwenye mkusanyiko wa familia sasa mimi nauliza majina. Ukweni wamenuna kidogo, wananiona mtu wa ajabu. Wanune.

Ningependa niishie hapo, lakini kuna jambo.

Juzi dada yangu wa damu alikuja kutoka Bukoba. Ganza hakuwahi kumwona ana kwa ana. Tukaenda kumpokea stendi ya Nyabugogo. Dada ameshuka, amechoka, ameshika ndizi na senene za kutuletea, akatupa mizigo chini akafungua mikono, "Njoo kwa shangazi, baba yangu!"

Ganza akajificha nyuma ya mguu wangu. Akauliza kwa sauti, "Baba, huyu unamjua kweli, au unadhani tu?"

Watu wa pembeni wakacheka. Dada yangu hakucheka, mikono ikabaki hewani.

Nikamwambia, namjua, ni dada yangu, nimezaliwa naye. Akaniuliza jina lake. Nikamtajia. Akatoka taratibu, akampa mkono. Mkono tu. Kwenye gari dada aligeukia dirishani akawa anajifuta macho.

Bado yupo kwetu, na mtoto bado anampa mkono tu.

Nyie wenye watoto wadogo, hebu nisaidieni. Mtoto unamfundishaje kuheshimu kila mtu mzima bila kumkabidhi kwa kila mtu mzima? Na wa Kigali mnaojua uwanja mwingine wenye geti la maana, utajeni hapa chini. Matusi nayo leteni, nimeshayazoea, wife ameanza kabla yenu.