Mwanangu Aliulizwa Jina, Akajibu "Nyawawa"

Admin, naomba usitaje jina langu wala la kanisa letu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, naishi Kisumu upande wa Mamboleo na kazi yangu ni kuripoti habari redioni. Nina binti wa miaka saba, nitamwita Awino. Nina hofu, kwa hiyo nitaeleza tu yaliyotokea.

Nilikulia Nyalenda. Baba alikuwa fundi wa redio. Nikiwa na miaka tisa, mteja mmoja alisahau kaseti ndani ya redio aliyoleta itengenezwe. Baba alipotoka niliicheza, nikafungua sauti mpaka mwisho. Yalikuwa magitaa makali na mtu anayenguruma kama amekabwa koo. Giza lilikuwa linaingia na upepo unatoka ziwani. Majirani wakadhani ni nyawawa, wale pepo wanaosemekana kuvuka ziwa kutafuta watu, na ploti nzima ikatoka kugonga sufuria na mabati kuwafukuza. Mimi nilikuwa ndani naogopa, lakini sikuzima. Nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kitu kinachoogopwa kilikuwa upande wangu.

Sijauacha muziki huo wa metali tangu hapo. Ndio ulionipa ujasiri wa kusimama mbele ya wakubwa na kuwauliza maswali. Sasa naimba kwenye bendi; tunafanya mazoezi Jumamosi mchana, mume wangu akidhani niko kazini. Bendi tuliiita Nyawawa. Ulikuwa mzaha.

Wiki iliyopita mama mkwe alitutembelea. Alimkuta Awino anaogesha mwanasesere wake huku akinguruma wimbo wangu. Sikujua kwamba mtoto hunisikia nikifanya mazoezi ya sauti bafuni. Mama mkwe ni mtu wa maombi. Alimshika kichwa akamuuliza kama wanavyouliza kanisani:

"Wewe uliye ndani ya huyu mtoto, jina lako nani?"

Awino alidhani ni mchezo. Akajibu kwa ile sauti nzito, "Nyawawa."

Mama mkwe alichukua sufuria na mwiko akaanza kugonga. Nilikuwa uani nikasikia yote; nilipofika, mtoto alikuwa chini ya meza, analia.

Sasa mama mkwe ameamua Jumamosi hii ampeleke Awino kwenye kambi ya maombi karibu na Sondu, akae bila chakula wala maji mpaka pepo atoke. Binti wa jirani yetu alipelekwa huko. Alirudi na alama za kamba mikononi, niliziona mwenyewe. Nilipomweleza mume wangu, alisema mama yake anajua mambo ya roho kuliko sisi. Kisha akauliza taratibu, "Mama Awino, hiyo sauti mtoto ameitoa wapi?" Nikasema labda kwa televisheni.

Nikisema ni yangu, wataamini pepo ni wangu na nimemrithisha. Mama mkwe tayari ameniambia, "Nyathina, mwanangu, kitu kama hiki huingilia kwa mama." Wataninyang'anya mtoto, kisha wampeleke vilevile. Nikinyamaza, anaenda.

Jana nikimsuka, Awino aliniuliza, "Mama, mimi ndio nyawawa?" Nikamwambia hapana. Tangu hapo ananong'ona tu, hata akiomba maji.

Mliowahi kuiambia familia jambo isilotaka kusikia, mlianzaje? Nielekezeni kabla ya Jumamosi.