Vijiti vya Maharagwe vya Mama Gédéon

Mwaka ule wa vita, Kindu ilipozingirwa hata unga ukawa hadithi, Albertine alimzika mwanawe nyuma ya jiko. Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa. Gédéon alikuwa na miaka miwili. Homa ilimmaliza kwa siku tatu.

Hakuweka msalaba wala hakuacha tuta. Watu walikuwa wakificha mali ardhini, na wenye bunduki walifukua kila udongo mbichi waliouona. Albertine alisawazisha mahali pale kwa viganja, akaenda kwa masista aliokuwa akiwafulia nguo, akakata fito saba za mti wao wa Ulaya, saule, ambao matawi yake huning'inia hadi chini kama nywele za mfiwa. Akazichomeka mstari mmoja, kila hatua ufito mmoja, akapanda maharagwe chini yake. Nani angefukua maharagwe? Mwanangu yuko kwenye ufito wa tatu, alijiambia, kuanzia jikoni.

Juma lililofuata alikimbilia Kibombo. Aliporudi baada ya miezi minane, jiko lilikuwa limechomwa, na mvua ilikuwa imeosha hata majivu yake. Fito tatu hazikuwapo. Nne, ambazo hakujua kwamba zingeota, zilikuwa na majani. Ufito wa tatu ulikuwa upi?

Basi akaitunza miti yote minne: ndoo moja kila mti, bila upendeleo. Kiangazi aliifunika mashina kwa makapi ya mpunga. Viwavi aliwatoa kwa vidole.

Mwaka huu shemeji yake Onema, mwenye kiwanja, alikuja na kamba ya kupimia.

"Mama Gédéon, hii miti yako inakunywa kisima yote! Na mizizi njo inapasua ukuta. Nataka kujengea binti yangu Fifi nyumba hapa. Uchague moja, ingine tunakata kesho."

"Nichague namna gani, shemeji? Sijue mtoto iko wapi."

"Mama mwenye kuzaa hajue? Nani atajua, miye?"

Swali hilo Albertine alijiuliza kila asubuhi kwa miaka zaidi ya ishirini.

Jioni jirani yake Aïcha alikaa naye mlangoni. "Dada, wazee wetu wakihama hawakubeba mifupa. Walibeba udongo wa kaburi."

"Udongo wa wapi, Aïcha?"

"Beba ya miti yote."

Kulipopambazuka Albertine alichota konzi moja kwenye kila shina, akajaza beseni lake la kufulia lililopasuka, akachomeka tawi changa. Onema alipofika na shoka, Albertine alimwambia, "Kata yote."

Sasa ukuta wa Fifi umefika madirishani. Tawi limetoa majani mawili; moja limeshageuka manjano. Albertine hulihamisha beseni kufuata kivuli, akilimwagilia kikombe kimoja kimoja. Kila akimaliza huutazama ule udongo, akihofu kwamba kiganja chake kilipita kando ya Gédéon.