Fundi Asiyesikiliza Kanda za Watu

Fundi wetu wa redio ana masikio makali kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mpelekee feni inayokoroma, atakuambia ni beringi ya nyuma kabla hujaitua mezani. Duka lake lina upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya dobi na mwenye mashine ya fotokopi, na siku hizi linaishi kwa feni, pasi na blenda, maana redio ikifa watu wanatupa. Hata hivyo rafu ya juu ameziachia kanda, na deki yake ya zamani yenye vioo viwili vya sindano zinazocheza kufuata sauti huifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafuta miwani yake mwenyewe.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alikuwa na sheria moja. Ukishaunga kanda ya mteja, unaijaribu sauti ikiwa sifuri. Unatazama sindano tu. Ikicheza vizuri kushoto na kulia, kanda ni nzima, mrudishie mwenyewe. Enzi hizo watu walirekodi kila kitu: wosia, ugomvi wa ndugu, maneno ya mapenzi ambayo kesho yake wangeyaonea haya, na mjomba alisema fundi akiyasikia atayatoa siku moja, hata kama ni kwa mkewe. Fundi ameishika sheria hiyo miaka thelathini na ushee. Mimi nilikuwa namwona mshamba kidogo.

Mimi ni msoma mita za maji, na mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema usije ukanilaumu baadaye.

Jumamosi mchana tulikuwa tunakutana pale dukani: mimi, Mwalimu wa hesabu, na Nesi wa wodi ya wanaume. Kilichotuleta pamoja ni Kutu, bendi ya roki ya granji ya vijana wanne, mashati ya drafti, gitaa chafu na makelele ya kutoka tumboni. Walitoa albamu tatu. Kisha mwimbaji wao, tuliyezoea kumwita Mrefu, akafariki, na bendi ikafa naye. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita na bado tulibishana utadhani albamu zimetoka juzi.

Mimi ni wa albamu ya kwanza, Misumari, iliyorekodiwa kwa siku mbili kwenye gereji ya magari, na ukitega sikio unasikia mtu akidondosha spana. Mwalimu ni wa ile ya pili, Kioo Kipya, kwa sababu kila chombo kinasikika mahali pake. Nilishamwambia mara mia kwamba ile imefuliwa mpaka imepoteza harufu. Nesi ni wa tatu, Chumba cha Nyuma, ya polepole, iliyotoka mwezi mmoja kabla ya msiba, na Nesi akiisikiliza huwa hataki kusemeshwa. Fundi ukimuuliza anasema inategemea unatumia spika gani. Jibu la mwoga, lakini duka ni lake.

Na bado yeye ndiye aliyempenda Mrefu kutushinda sote. Zamani aliitwa kwenye ukumbi wa shule kutengeneza amplifaya ya Kutu, na onyesho zima akalimaliza amechuchumaa nyuma ya spika, ameshika waya uliokuwa ukichomoka. Hakuona uso wa Mrefu, aliona kisogo na soksi mbili zisizofanana. Amelisimulia hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisimulia mimi akiwa msalani.

Jambo pekee lililowahi kutukosanisha kweli ni zile barua. Mrefu alipofariki, gazeti fulani lilichapisha barua alizoandika akiwa amelazwa. Mimi nilizisoma mara mbili na nikaja nazo dukani. Nesi alikataa hata kulishika gazeti. Alisema yeye huwaziba wagonjwa kwa pazia wakibadilishwa shuka, na hajawahi kuona mgonjwa akiacha kuwa na haki ya pazia eti kwa kuwa anajua kuimba. Mwezi mzima hakukaa karibu nami. Mimi nikashikilia kwamba tuliompenda tuna haki ya kujua kilichomuumiza.

Basi, Jumamosi moja tulikuwa kwenye ubishi wetu wa siku zote, kwa nini Mrefu alipiga kelele vile. Mwalimu alisema ni mtindo tu. Nikampinga. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mtoto hapigi kelele namna ile mpaka awe amekosa wa kumsikiliza nyumbani, na kwamba ukizisoma zile barua vizuri utaona mama yake ndiye aliyemharibu. Nilipogeuka kutafuta pa kuweka kikombe, nikamwona mama mmoja wa makamo amesimama mlangoni, mkoba kifuani, akitutazama kwa tabasamu la mtu anayesubiri zamu yake.

Alisogea mpaka kwa Fundi, akamgeuzia sikio la kulia. Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wasiosikia sauti zao wenyewe. Alisema ameelekezwa kwamba hapa kuna fundi wa kanda. Akatoa kanda iliyofungwa kwenye leso, utepe wake umekatika na kujikunja. Alisema ni ya mwanawe aliyekuwa mwimbaji wa Kutu, marehemu sasa. Alipokuwa akisafiri na bendi simu haikumfaa mama, hasikii vizuri, kwa hiyo mwana alimrekodia kanda ili abane spika ya redio sikioni na kufungulia sauti mpaka mwisho.

"Alizoea kupaza sauti, maskini," alisema. "Nyumbani kwetu bila kupiga kelele nisingemsikia."

Mwalimu alikuwa na kijitabu anachoandikia mambo ya Kutu. Alikitoa mfukoni, kisha akakirudisha bila kukifungua. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mpaka leo sijui lile sikio la kulia liliokota nini pale mlangoni, na sina ujasiri wa kufikiri sana juu yake.

Mama akasema hajaisikiliza tangu mazishi, hakuweza, na alipojaribu mwaka huu ikakatika. Aliomba iungwe, na asiisikilize mtu. Fundi aliinama mpaka kwenye sikio lake akamwahidi kwamba haitasikilizwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

Jumanne nilikuwa na mita za mtaa ule. Sikuzisoma. Niliingia dukani moja kwa moja. Fundi alikuwa ameshaunga utepe, na aliniambia kanda imechoka, unga wake unaoshika sauti unabanduka ukiigusa. Ilikuwa na uwezo wa kuzunguka mara moja, labda mbili. Kwa hiyo angeipitisha mara moja tu, akirekodi kwenye kanda mpya, sauti sifuri, macho kwenye sindano.

Nilimbembeleza. Nilimwambia dakika moja tu. Nikamwambia arekodi mbili, ya pili tuifungie, hakuna atakayejua. Nikamwambia yeye aliyeona kisogo tu miaka yote hii, sasa Mungu amemletea mdomo. Hilo lilimwingia, nililiona. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha sauti ukakaa pale. Kisha akawasha pasi yake ya kulehemu, akageuza deki, akazichomoa nyaya za spika moja baada ya nyingine.

"Sijiamini," aliniambia. "Wewe ndiyo kabisa."

Tuliikalia ile kanda dakika ishirini na mbili, hatusikii kitu. Sindano zilipanda, zikashuka, zikatulia, zikapanda tena. Hakukuwa na mdundo ndani yake. Hata mimi niliona kwamba haikuwa wimbo, ilikuwa ni mtu anaongea. Fundi alivua miwani akafuta macho na mgongo wa mkono, akasema ni moshi wa risasi ya kulehemu. Niliondoka nimenuna, na nilisema mtaani maneno ambayo hakustahili.

Jumamosi Mama alirudi. Fundi alikuwa amezirudisha nyaya za spika. Alimwekea kiti mbele ya deki yenye ile kanda mpya, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, kisha akatutoa wote na yeye mwenyewe akatoka. Tukakaa kwenye benchi la dobi, wanne tumepanga mstari, tukiziba masikio kwa vidole. Msoma mita mzima.

Haikupita muda Mama akatokea mlangoni. Uso ulikuwa umemshuka. Alisema amebana spika sikioni, amefungulia mpaka mwisho, na anachopata ni ngurumo tu. Zamani alikuwa anayashika maneno. Masikio yamekwisha zaidi ya alivyodhani.

"Nisaidie kusikia," alimwambia Fundi. "Wewe usikilize, uniambie."

Fundi alisema ameahidi. Sijawahi kumwona amepoteza mwelekeo namna ile, mikono hajui aiweke wapi. Miaka kumi na moja alikuwa akiitamani sauti hiyo, na sasa anaitiwa aje aisikie, akawa anarudi nyuma.

"Ahadi ulinipa mimi," Mama alisema. "Basi mimi nakufungua."

Wakaingia. Fundi alivaa visikilizio vikubwa, akakaa upande wa kulia wa Mama, mdomo karibu na sikio. Alikuwa anabonyeza, anasikiliza sentensi, anasimamisha, anamwambia. Nasi huko nje tulishusha vidole tukidhani tumesalimika, maana Fundi alimsemea ndani kabisa ya sikio, neno moja moja, na visikilizio havikutoa kitu. Tulisahau kwamba Mama hajui kunong'ona. Mrefu hatukumsikia hata neno, ila majibu yote ya mama yake yalitufikia pale benchini kama tumekaa naye chumba kimoja.

"Sijambo, baba."

Deki ikalia tak, ikalia tak.

"Walikuja wakalitengeneza. Halivuji tena."

Nesi aliniangalia. Nami nilikuwa nimeinama mbele, naona haya kulisema, kama paka kwenye mlango wa jiko. Miaka yote ile nilitaka kujua kilichomuumiza, nikachambua pumzi zake kwenye albamu tatu na kumhukumu mama ambaye sikumjua. Na huyu kijana, mbali na kwao, alikuwa amekaa na kinasa sauti akiuliza habari za bati la nyumba.

Mle ndani Mama alicheka kidogo, akasema soksi hajaziona, atazitafuta. Kisha Fundi akamwambia kitu kingine.

"Nimekula, baba," alisema. "Nimekula vizuri. Na wewe, umekula?"

Sikusikia tena ile tak. Niliposimama Mwalimu na Nesi walikuwa wameshasimama. Tulitembea mpaka mwisho wa mtaa, mpaka pale ambapo hata sauti yake isingetufikia.

Jumamosi bado tunakutana, na Misumari bado ndiyo bora, Mwalimu akubali asikubali. Lakini kule ndani Mama aliuliza swali, na mwenye kulijibu alikuwa Fundi peke yake. Sijui alimwambia nini. Yeye hajasema, nami sijamuuliza.